Prosesa Yenye Uzoefu wa Miaka Kumi na Mitano

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na kwa hiyo nafasi yake naikaimu mimi mwenyewe. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Maalumu ya Uteuzi wa Prosesa, mlioketi kwenye viti vyenye mito. Wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na ninyi mnaowakaimu makaimu. Ndugu waandishi wa habari, naona umekuja mmoja, karibu. Vijana wapenda gemu wa mtaa huu. Dada yangu mkubwa, ambaye sikumwalika ila namwona mstari wa mbele. Mabibi na mabwana, kila mtu kwa cheo chake na asiye na cheo kwa uvumilivu wake. (Makofi kutoka kwenye viti vyenye mito.)

Nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu, sifa ambayo ninayo kuliko mtu yeyote katika Idara ya Vijana na Burudani za Kidijitali ninayoiongoza kama Mkurugenzi, kuzindua mradi wa kihistoria wa Kompyuta ya Umma ya Gemu na Striming, hii hapa mezani inayowaka taa za rangirangi, ambayo, ili mjue kwamba sitanii, ndiyo inayoonyesha sura yangu kwenye kioo kikubwa hapo ukutani, ndiyo inayonirusha mbashara mitandaoni, na ndiyo iliyobeba hotuba hii ninayoisoma, yenye kurasa arobaini na mbili. (Miguno. Binti mwenye fulana ya timu anasimama nyuma ya ukumbi: "Mjomba, saa nne mechi yetu inaanza. Tusipokuwa hewani tunatolewa mashindanoni.")

Huyo ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu niliyemtaja, nahodha wa timu ya gemu ya mtaa huu, na kama mnavyoona amelelewa kusema mbele za watu. Kaa kitako, mama, muda bado upo, na mimi nazungumza kwa ufupi.

Ndugu zangu, kuchagua prosesa si kuchagua nyanya. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na kompyuta ya striming ina kazi mbili kwa mpigo, kuchezesha gemu na papo hapo kuurusha mchezo kwa watazamaji, na kwa kuwa kazi ni mbili tulijiridhisha kwamba na posho ni mbili, ndipo Kamati ikakaa vikao mia moja na nne, ambapo asilimia sitini ya vikao hivyo vilitimiza akidi na asilimia mia vilitimiza chai. (Mjumbe mmoja anaitikia: "Kweli kabisa.") Katika kuandaa mfumo wa uteuzi, tulizingatia kanuni za utumishi, zinazotaka nafasi nyeti ishikwe na mwenye uzoefu, kwa hiyo tukaweka sharti kwamba prosesa iwe imekaa kazini si chini ya miaka kumi na mitano. Wauzaji walituletea zilizotoka kiwandani mwaka huu, eti zina kasi. Tuliwauliza, zimefanya kazi wapi? Wakaanza kutaja kasi tena, nasi tukawarudishia mizigo yao.

(Binti: "Mjomba, robo saa.")

Nakuja huko. Tulielezwa kwamba ndani ya prosesa moja mna viini vinane, na kwamba anayecheza tu anaweza kuridhika na vichache ila anayecheza na kurusha anahitaji zaidi, maelezo mazuri, lakini mimi binafsi nikauliza swali lililowanyamazisha wataalamu wote: katika hivyo vinane, mwenyekiti ni nani? Ikaonekana vinafanya kazi vyote kwa pamoja bila mkuu wala katibu, hali ambayo Kamati iliiona ni hatari kwa nidhamu. Halafu tukaambiwa kwamba prosesa hupata joto ikifanya kazi, hivyo inahitaji feni. Suala hilo lilituchukua vikao kumi na moja peke yake, maana katika ofisi yetu hakuna mtu wala kitu kilichowahi kupata joto kwa sababu hiyo. (Kicheko kirefu. Mkurugenzi anainama kidogo, kama anayepongezwa.)

Tukafunga safari ya mafunzo nje ya nchi, wajumbe tisa na wenzi wao, kwenda kuiona prosesa ikiwa kazini. Tulipofika tukakuta imefunikwa na hiyo feni, kwa hiyo tukaitazama feni kwa siku sita, na ripoti ya feni ipo, imepigwa muhuri. Manufaa yake kwa vijana ni makubwa mno, kama nitakavyofafanua kuanzia ukurasa wa kumi na tisa, ambapo nitagusia kwa upana maono yangu ya... ya...

Hotuba imekwenda wapi? (Binti ameketi mezani, kipokea sauti kichwani. "Nimeifunga, mjomba. Samahani, wenzangu wananisubiri." Kioo cha ukutani kinaacha sura ya Mkurugenzi na kuonyesha uwanja wa mchezo. Ukumbi unalipuka kwa makofi.)

Asanteni, asanteni, nimeguswa. (Dada yake, bila kunyanyuka kitini: "Kidomo, sogea, unaziba kioo.")

Ndugu mwandishi, jina hilo la utotoni usiliandike. Nasogea, dada, nimesogea. Basi, kwa kuwa maandishi sina, niingie kwenye shukrani, ambazo nazikumbuka. Namshukuru fundi aliyefunga vipaza sauti. Nawashukuru wajumbe, japo naona na wao wamegeuza viti. Kwa namna ya pekee namshukuru mpwa wangu, aliyetuazima asubuhi hii kompyuta yake, aliyoijenga kipande kwa kipande kwa mshahara wake wa duka la fulana, prosesa akiichagua jioni moja, akiwa ameketi kitandani, maana kompyuta ya kwetu haijanunuliwa, wala haijaagizwa, kwa kuwa prosesa ile yenye uzoefu wa miaka kumi na mitano tulipoipata haikuingia kwenye ubao wowote wa kuipachika unaouzwa siku hizi, na Kamati ya Uteuzi wa Ubao bado haijaundwa. Nilimwahidi kwamba nitaitumia dakika kumi tu. Haya, tuitikie pamoja: prosesa kwanza! (Ukumbi unatazama kioo.) Viini vyote, kauli moja! (Mtu: "Shhh, wanashambuliwa.")

Mlinzi wa mlangoni, na wewe umehamia kwenye kioo? Basi natamka rasmi kwamba mradi umezinduliwa. Mwandishi, njoo karibu nikunong'oneze, na kalamu uishike vizuri: akishinda, andika kwamba ni matunda ya Idara, akishindwa, andika kwamba kompyuta ni yake. (Kelele za shangwe. Timu imepata pointi ya kwanza. Mkurugenzi anavuta kiti, anaketi kando ya dada yake.) Dada, hivi sisi ni wale wa bluu au wale wekundu?