Uzinduzi wa Kituo cha Upakuaji Mbele ya Mama Mkwe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye pia ni mimi, Mkurugenzi wenu, kwa kukaimu. Waheshimiwa wakuu wa idara, wa vitengo na wa vitengo vidogo vilivyo chini ya vitengo. Ndugu mwenye ukumbi huu. Ndugu kinyozi, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Viongozi wa dini mliofika na mliotuma udhuru. Mke wangu mpendwa, uliyekaa safu ya mbele ukiwa umependeza kama ilivyoelekezwa. Wanahabari, kama mpo. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele, iliyogawiwa soda kwanza.)

Narudia, itifaki imezingatiwa. (Sauti ya mwanamke kutoka safu ya mwisho: "Haijazingatiwa!") Nani huyo? Walinzi, hebu mtoeni huyo mtu ili shughuli iende kwa... (Mke wa Mkurugenzi anageuka, anashika kichwa: "Mume wangu, ni mama!") Walinzi, rudini. Rudini haraka. Shikamoo, mama. (Mama mkwe wa Mkurugenzi, akiwa amesimama: "Marahaba, mwanangu. Endelea, ila fanya upesi.")

Ndugu wananchi, kwa wasiomfahamu, yule ni mama yangu mkwe, mzaa chema, aliyenizalia huyu mnayemwona hapa mbele. Kwa malezi niliyopata, mimi siwezi kumhutubia mama mkwe nikiwa nimesimama juu ya jukwaa na yeye yuko chini, kwa hiyo naomba radhi, nashuka. (Anashuka. Waya wa kipaza sauti haufiki. Anapanda tena, anapiga goti moja.) Basi nitahutubia hivi hivi. Iandikwe kwamba Kurugenzi ya Upakuaji, Urejeshaji na Ustawi wa Taarifa Binafsi imezindua kituo chake ikiwa imepiga magoti. (Makofi. Kinyozi anacheka peke yake.)

Hotuba hii inarekodiwa kwa faida ya vizazi vijavyo, na ingawa kamera ya Kurugenzi imekwisha chaji kutokana na changamoto za kibajeti, msaidizi wangu kwa ubunifu wake amepata simu. (Msaidizi anainyoosha simu iliyo kwenye kitako cha kamera mbele ya jukwaa. Ni simu ya zamani, imefungwa mpira mwekundu ili kifuniko kisidondoke.)

Sasa niingie kwenye kiini. Tatizo ni nini? Tatizo ni kwamba mwananchi wa kawaida, ambaye kwa miaka mingi ameweka picha zake, barua zake, sauti zake na siri zake kwenye akaunti za mitandaoni, siku akiomba apewe nakala ya vitu vyake mwenyewe, kampuni husika humtumia linki, na mwananchi huyo akiibonyeza, upakuaji huanza kwa mbwembwe, hufika katikati, kisha hukwama, hufa, na kumwacha mtu ameshika simu ya moto mkononi. Utafiti wetu shirikishi, uliofanyika katika hoteli yenye utulivu, umebaini kwamba asilimia themanini na tatu ya upakuaji hukwama mwanzoni, na asilimia arobaini inayobaki hukwama mwishoni. (Kinyozi: "Mzee, hizo zimepita mia!") Nakushukuru kwa uchambuzi huo. Zimepita mia, ndugu zangu. Hapo ndipo mjue tatizo limekuwa kubwa kiasi gani! (Makofi ya wasiwasi.)

Na ni nani aliyeliona tatizo hili kwanza? Sipendi kujisifu, na wanaonifahamu wanajua ninavyoteseka ninapolazimika kujisifu, lakini ni mimi. Nilikaa na mastekiholda, nikachora rodimapu, nikaandaa andiko la dhana, nikaunda kikosi kazi cha kupitia andiko la dhana na kamati ya kukisimamia kikosi kazi, na baada ya wokshopu za kutosha tukakubaliana, bila kupingwa, kwamba upakuaji hukwama kwa sababu kuu ambazo nitazitaja. Sababu ya kwanza, linki ina uhai wake. Ikipita siku iliyopangwa inakufa, na ukiibonyeza ni kama kugonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Sababu ya pili, memori ya simu imejaa, hivyo faili linakuja halina pa kukaa. Sababu ya tatu...

(Mama mkwe: "Sababu ya tatu, kioo cha simu kinazima na mtandao unakatika. Ya nne, mtu anabonyeza tena na tena kwa papara. Mwanangu, hayo nilishayapitia yote sebuleni kwako.")

Ni kweli, mama. Ndugu wananchi, naomba nimtumie mama kama mfano hai. Mzee wetu, baba mkwe wangu, alikuwa seremala, na kazi ilimpeleka mbali, kwa hiyo kila jioni alikuwa akimtumia mama ujumbe wa sauti. Mzee ametangulia mbele ya haki. Sauti zile zimebaki kwenye akaunti ya mama, na kampuni yenye huduma hiyo imetangaza kwamba inafuta jumbe zote za zamani, ila mwenye akaunti akiomba nakala anapewa linki. Mama aliomba. Akapewa. Linki hiyo uhai wake unakwisha... (Mama mkwe: "Leo adhuhuri.") Leo adhuhuri. Mnaona jinsi Kituo hiki kilivyokuja kwa wakati mwafaka? (Makofi makubwa. Mama mkwe anaangalia saa ya ukutani.)

Mama alikuja nyumbani, akaniambia: mkwe wangu, nimejaribu, inakwama. Ningekuwa mtu mwenye haraka ningempeleka kwa fundi simu wa hapo kona, yule mwenye meza na mwavuli. Lakini jamani, mama mkwe wa Mkurugenzi wa Upakuaji akapakuliwe kwenye meza ya kona? Watu wangenielewaje? Nikamwambia, mama, subiri Kituo. Na mama, kwa imani yake kwangu, alisubiri. (Mama mkwe: "Kila wiki uliniambia wiki ijayo.") Huo, ndugu zangu, ndio uvumilivu ambao Kurugenzi inauhitaji kutoka kwa kila mwananchi.

(Mama mkwe: "Mwanangu, naomba niseme kidogo.") Sema, mama. Mpeni kipaza sauti. Waya haufiki? Basi sema kwa sauti, mama.

(Mama mkwe: "Mimi picha ninazo. Zimejaa ukutani. Sauti ndiyo sina. Jamaa wanasema, si unaikumbuka? Nilikuwa naikumbuka. Sasa nikijaribu kuikumbuka inakuja sauti ya kaka yake. Naogopa. Simu ilikuwa imejaa, nimefuta picha za wajukuu wote ili apate nafasi. Yule kijana wako wa mlangoni akaichukua, akasema inaingia Kituoni kupakuliwa. Nataka kujua tu, imeanza?")

Ni haki yake kuuliza. Hata mimi hapa nilipo, kwa goti hili ambalo sasa limekufa ganzi, nimeguswa. Mama, kwa ajili ya kumbukumbu rasmi za Kurugenzi, mzee alikuwa akisema nini kwenye jumbe hizo? (Mama mkwe: "Mambo ya kawaida. Umefunga dirisha? Umekula? Na ananiita jina ambalo hakuna mwingine ananiita.") Jina lipi, mama, ili liingie kwenye mukhtasari? (Mama mkwe: "Hilo silitaji, mwanangu. Nataka kulisikia.")

(Mke wa Mkurugenzi anafuta macho. Kinyozi ameacha kucheka.)

Asante, mama. Mimi pia namkumbuka mzee. Siku nilipokuja kuomba kuoa, nilikuwa nimeandaa maneno yenye utangulizi, malengo na hitimisho, na nilipofika katikati ya utangulizi mzee alinishika bega akaniambia, "Fupisha, mkwe." Hadi anafariki, hilo ndilo neno alilokuwa akiniambia kila nikisimama kuongea. Fupisha, mkwe. (Makofi marefu kuliko yote ya siku hiyo. Watu wanasimama.) Asanteni. Asanteni, kaeni, bado nina sehemu tano. (Watu wanakaa.)

Naomba sasa mwangalie kushoto kwangu. Mnaouona ule ni mlango wa Kituo, wa rangi ya samawati, wenye utepe, makasha ya kompyuta kando yake na waya mweusi unaoingia ukutani. Nyuma ya mlango ule kuna sava za kisasa, kuna mtandao wenye kasi ya kutisha, kuna wataalamu waliovaa makoti meupe ingawa kazi yao haihitaji makoti. Katika awamu ya kwanza, ambayo tunaiita pailoti, tutapakua taarifa za wananchi elfu kumi kwa siku. Awamu ya pili, laki moja. Awamu ya tatu tutaanza kupakua hata taarifa za watu ambao bado hawajazaliwa, ili wakizaliwa wazikute. (Makofi.) Kutakuwa na dirisha la wazee, dirisha la walemavu, dirisha la waliosahau paswedi, na dirisha la kuuliza dirisha lipi ni lako. (Mama mkwe: "Mwanangu, saa.") Nakuja huko, mama. (Mke wa Mkurugenzi ameitazama simu iliyo kwenye kitako kwa muda. Anainuka kidogo, anautazama ule mpira mwekundu, anaketi. Anamwita msaidizi kwa kidole. Msaidizi anajifanya hajaona.)

Wapo wanaobeza. Wapo wanaosema Mkurugenzi ni mtu wa maneno. Nawauliza, bila maneno mngejuaje kwamba nimefanya kazi? (Kinyozi: "Tungeiona!") Ndugu jirani, wewe unanyoa kichwa kimoja kwa wakati, mimi nashughulika na vichwa vyote kwa mpigo. Na siku historia ya upakuaji itakapoandikwa...

(Mke wa Mkurugenzi, akisimama: "Baba Watoto! Hiyo simu inayokurekodi ni ya nani?")

Mke wangu, maswali ni baada ya hitimisho. (Mama mkwe anatoka safu ya mwisho, anakuja mbele kwa hatua za taratibu. Watu wanampisha.) Mama, usijisumbue kutembea... Msaidizi, kuna nini? Leta hicho kikaratasi. (Msaidizi anampa kikaratasi na kurudi nyuma mbali kuliko alikotoka.) Ndugu wananchi, nimeletewa taarifa ya kitaalamu, naisoma kama ilivyo: "Mkuu, simu imegoma kuendelea kurekodi. Imeandika memori imejaa. Pia imeandika upakuaji umeshindikana, linki imekwisha muda." (Kutoka upande wa kinyozi redio inatangaza habari za saa saba.)

Naam. Hii, ndugu zangu, ni sababu ya pili na sababu ya kwanza kwa pamoja, jambo ambalo kitaalamu hutokea mara chache sana, na tumebahatika kulishuhudia wote. (Hakuna makofi.)

Basi nifunge kwa shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi kwa kutuazima chumba hiki hadi saa saba, ambayo naona imefika, maana ameshaanza kukunja viti. Nakishukuru chuo cha uchapaji kwa makasha ya kompyuta mliyoyaona mlangoni. Kompyuta zenyewe ziko chuoni, zinatumika. Namshukuru jirani kinyozi kwa ule waya mweusi unaoingia ukutani. Ni wa mashine yake ya kunyolea na atauhitaji mchana huu. Kwa namna ya pekee namshukuru mchoraji, aliyeuchora ule mlango ukutani kwa ustadi, hata mzee mmoja asubuhi ameugonga na kusubiri. Fungu la kujenga Kituo chenyewe lilikuwapo, mkalitumia mkiwa wageni wetu katika mkutano huu. Soda mlizokunywa ndizo sava. (Watu wanatazama chupa zao.) Na mwisho namshukuru mama mkwe wangu, ambaye simu yake ndiyo pekee humu ndani iliyokuwa na nafasi. Mama, usihuzunike kwamba simu imerudi tupu. Haikurudi tupu. Hotuba yangu karibu yote imo, kuanzia itifaki.

Nikisema "Data ya mwananchi!", mseme "Irudi kwa mwananchi!" Data ya mwananchi! (Ukumbi mzima, kwa sauti moja: "Fupisha, mkwe!") Mnaitikia vibaya. Data ya mwananchi! ("Fupisha, mkwe!")

(Mama mkwe amefika kwenye kitako. Anaifungua simu yake, anakaza ule mpira mwekundu, anabonyeza, anaiweka sikioni kwa mikono miwili kama alivyokuwa akifanya kila jioni. Ukumbi unasikia: "Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi..." Anasikiliza kidogo. Anaishusha.)

Mama, sema chochote. Hata ukinigombeza, nigombeze.

(Mama mkwe: "Sikugombezi. Hii yako, mwanangu, inafutwaje?")

Swali zuri sana, mama. Kwa suala la kufuta, Kurugenzi iko mbioni kufungua Kituo.