Onyo Lililomzuia Mkwe Kuja Harusini Mwika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako, hata ile inayobaki chini ya matangazo ya simu za mkononi.

Binti yangu Gladness amechumbiwa na kijana wa Ulaya, kutoka nchi ambayo siitaji kwa heshima ya wakwe. Pombe ya mbege ikiwa imeshapikwa, mama wa kijana akapiga simu: serikali yao imetoa onyo kwamba Afrika Mashariki si salama. Kwa hiyo haji. Gladness alilia jikoni hadi ndizi zikaungua.

Malalamiko yangu:

1. Nilimwuliza mkwe huyo, mama wa kijana, hatari yenyewe iko wapi. Akajibu, "Penye watu wengi." Mhariri, harusi isiyo na watu wengi ni kikao cha kamati.

2. Alisema ameona vita kwenye televisheni. Kumbe ni nchi ambayo hata basi la kufika huko sijui linapandiwa wapi. Kwenye ramani yake ni upana wa kidole tu kutoka kwetu.

3. Sisi nasi tuna redio. Tumesikia ng'ombe wa kwao wanapata wazimu. Mke wangu Elinipendo alimbembeleza: "Njoo, mama, ng'ombe wetu wana akili timamu." Simu ikakatika.

4. Kwa hiyo kikao cha ukoo kimeamua kwamba mtu wetu yeyote asikanyage Ulaya mpaka watuandikie kuwa kuko salama, tena kwa mhuri. Shemeji Thadeus, ambaye hana pasipoti, ameshaahirisha safari. Tafadhali litangaze onyo hili, ili dunia ijue kwamba kuogopa usikokujua ni ujinga, na kwamba sisi pia tunaweza.

Wasalimie wachapaji wako wote. Huku hatujambo, isipokuwa bibi harusi.

Wako katika tahadhari,
Elimringi Aikaeli,
Mwika, Moshi.

N.B. Kabla sijafika posta, mkwe amewasili. Gladness alimpigia mwenyewe akamwambia, "Mama, usipokuja, nani atanipokea?" Basi akapanda ndege na hofu yake. Jana alikwenda sokoni peke yake, akarudi na mkungu wa ndizi na akina mama wawili wakimsindikiza kwa vicheko. Leo anataka kwenda kutembea Mkuu, kule Rombo, wilaya ya jirani. Nimemkatalia katakata. Mimi mwenyewe sijawahi kufika, lakini watu wa kule tunawasikia.