Nirudishieni Adui Wangu wa Ghorofa ya Tano

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Matembezi ya Jioni "Taa na Mto",
Paris.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUPOTEZEWA ADUI KATIKA MATEMBEZI YENU YA JUMAMOSI

Natumaini barua hii itakukuta u mzima, umeketi, na ikiwezekana umeshakula, maana haifai kusomwa na mtu mwenye njaa. Mimi naitwa Hippolyte Carradec, mkaguzi wa lifti mstaafu, mkazi wa ghorofa ya nne katika jengo lililoko nyuma ya uwanja wa Bastille. Sijawahi kuiandikia kampuni ya utalii kwa kuwa sijawahi kuwa mtalii. Sisi tuliozaliwa Paris hatupandi mabasi yenu. Tunayasubiri yapite ndipo tuvuke barabara.

Lakini mke wangu, Mauricette, ambaye hunitii katika mambo mengi ila si yote, alipotimiza miaka sitini alitaka zawadi moja tu: azungushwe mjini kama mgeni, ale chakula cha jioni ndani ya boti juu ya mto Seine, kisha apelekwe kabareti akawaone wale mabinti wa manyoya wanaorusha miguu. Nilimwambia kwamba mto anauona bure kila aendapo sokoni. Akanijibu bila kupandisha sauti, "Hippolyte, mto naupita tu. Sijawahi kukaa nao."

Nilikubali kwa sharti moja. Ili nisije nikaaibika mbele ya mtu anayenifahamu, jioni ile sisi tungekuwa Wafini, wageni kutoka Ufini. Nchi hiyo niliichagua kwa hekima: watu wake nasikia ni wakimya, na simjui mtu hata mmoja ajuaye lugha yao, wa kwanza nikiwa mimi. Nilinunua kofia ya sufu. Ulikuwa mwezi wa Juni, joto la kiangazi.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo. Nimeyapa namba ili nawe uyajibu kwa namba.

1. Kuhusu basi. Mwongozaji wenu, binti aitwaye Capucine, mwenye mwavuli mwekundu na sauti tamu kama asali, alipofika mbele ya nyumba niliyozaliwa alitangaza kwamba ndani yake mfalme fulani alimficha kimada wake, na kwamba mwanamke huyo angali anaonekana dirishani usiku wa mvua. Ndugu Mkurugenzi, katika nyumba ile hakufichwa mtu. Alikaa shangazi yangu Philomène, aliyeuza vifungo vya nguo, na ni kweli alipenda kukaa dirishani. Watu wote ghorofa ya juu ya basi walimpiga picha shangazi yangu asiyekuwepo. Nami sikuweza kusahihisha neno, kwa sababu Mfini angejuaje? Nilitokwa jasho ndani ya kofia. Mauricette naye alipiga picha.

2. Kuhusu meza. Tulipoingia kwenye boti tulipelekwa kwenye meza ya watu wanne, pembeni ya kioo, na ninakiri kioo kilikuwa safi. Viti viwili vilikuwa vimeshakaliwa na mume na mke. Mhudumu akatuambia kwa heshima kwamba hao ni Wanorwei, na kwamba alifikiri watu wa Kaskazini watapenda kukaa pamoja. Yule mume akainua uso. Alikuwa Anatole Desmazières.

Hapa sina budi kukueleza Desmazières ni nani. Anakaa ghorofa ya tano, juu ya kichwa changu. Miaka kumi na moja iliyopita aliacha bomba la bafuni wazi akaenda kununua mkate, na maji yakashuka kwangu yakachora doa juu ya kitanda changu, lenye umbo la kisiwa cha Corsica na bandari zake zote. Hakuja kuomba radhi. Tangu siku ile tumeandikiana kupitia mawakili, tumepishana kwenye ngazi kama paka wawili juu ya ukuta, na katika mikutano ya wenye nyumba yeye akisema "ndiyo" mimi husema "hapana" kabla sijasikia swali. Alikuwa adui kamili. Wengine wana bustani, mimi nilikuwa na Desmazières.

Sasa alikuwa mbele yangu, amevaa sweta yenye picha ya paa mwenye pembe kubwa, uso umemwiva kwa joto. Nilielewa mara moja kwamba naye aliona haya kuonekana katika matembezi yenu, naye akaelewa vilevile kuhusu mimi. Lakini nani angeanza kusema? Wa kwanza kufungua kinywa kwa lugha ya nyumbani angekuwa ameshindwa mbele ya mwingine. Desmazières akainamisha kichwa, akasema kitu kama "hurdegurde". Nami nikamjibu "uukolaa". Tuliendelea hivyo kuanzia ini la bata hadi jibini. Tulibishana. Sijui tulibishana kuhusu nini, lakini naamini hoja zangu zilikuwa nzito zaidi.

3. Kuhusu samaki. Mpishi wenu aliahidi samaki asiye na mwiba. Tulipokuwa tunapita chini ya daraja, taa zote zimewaka na abiria wamenyamaza kwa uzuri, Desmazières alikabwa na mwiba. Alibadilika rangi, akawa kama zabibu. Mkewe, Ghislaine, akasimama. Wahudumu wenu walikuwa wanawasha mishumaa ya keki ya mtu mwingine.

Ndugu Mkurugenzi, kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikitamani kumpiga mtu huyu mgongoni. Nilimpiga. Nilimpiga mara ya kwanza kwa ajili ya uhai wake, ya pili kwa ajili ya dari, na ya tatu mwiba ukaruka ukaangukia kwenye glasi ya mke wangu. Akavuta pumzi, akanishika mkono na hakuuachia, macho yamejaa machozi, na hata hapo, mtu aliyetoka mlango wa kaburi, akanishukuru kwa Kinorwei. Nikamwonea fahari. Hisia hiyo sikuiomba, wala haikuandikwa kwenye tiketi.

4. Kuhusu kabareti. Manyoya yalikuwa mengi na miguu ilirushwa kama ilivyoahidiwa, hapo sina neno. Tatizo ni mshereheshaji wenu, jitu la koti la dhahabu linaloitwa Fulgence. Katikati ya onyesho alikuja hadi mezani kwetu, akatangaza kwamba wapo wageni kutoka mbali kuliko wote, akatuvuta mimi na Desmazières jukwaani tukaimbe wimbo wa kwetu. Capucine alimnong'oneza kwamba mmoja ni Mfini na mwingine ni Mnorwei. Fulgence akasema, "Baridi yenu si ni moja? Basi na wimbo ni mmoja."

Nikaanza kutoa sauti, nyingi zikiwa "u". Desmazières akaingia kwa sauti ya chini. Lililofuata sikulitegemea. Kila Jumapili mtu huyu huimba anaponyoa ndevu, nami chini yake nimemsikiliza miaka yote hiyo kwa chuki na kwa makini, hata najua mahali anapovuta pumzi. Kumbe naye husikia mluzi wangu jikoni. Tuliimba kama watu waliozaliwa tumbo moja. Nyuma ya ukumbi walikuwepo Wafini wenyewe, kikundi cha walimu. Mama mmoja kati yao alisimama akapiga makofi, kisha akamwambia Capucine kwamba wimbo ule hajawahi kuusikia, lakini labda ni lahaja ya huko kaskazini kabisa.

Fulgence akaniwekea kipaza sauti mdomoni, akauliza wimbo unasema nini.

Nilimjibu kwa Kifaransa cha lafudhi nzito, "Ni wimbo wa huzuni. Unamhusu mtu anayelala chali kila usiku akitazama doa la maji darini. Juu yake anakaa mtu aliyeacha bomba wazi, na hajawahi kushuka kusema pole."

Ukumbi ulicheka. Desmazières hakucheka. Alichukua kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Huo ni ubeti wa kwanza," alisema. "Wa pili unasema kwamba yule wa juu alishuka siku ileile, na chupa ya mvinyo mkononi. Alipofika mlangoni akamsikia yule wa chini akimwita punda mbele ya mkewe. Akarudi juu. Mvinyo akaunywa peke yake, na haukupita kooni vizuri."

Ni kweli nilimwita punda. Ningejua yuko mlangoni, ningesema kwa sauti zaidi. Lakini nilijikuta nimemuuliza, bila lafudhi yoyote, mbele ya umati wa watu na mabinti wote wa manyoya, "Mvinyo gani?"

"Chinon," akasema.

Jengo zima linajua ninavyoupenda Chinon. Desmazières akaniangalia, akasema polepole, "Pole, Carradec. Pole ya dari." Fulgence, ambaye hakuelewa kitu lakini anaijua kazi yake, akaashiria bendi ianze.

5. Kuhusu hasara. Hapa ndipo kwenye kiini cha barua, naomba uache kucheka kama umeanza. Mtu akikupa begi ukalipoteza, unalipa begi. Mimi nilipanda basi lenu nikiwa na adui mwenye afya, aliyekomaa, niliyemlea kwa mikono yangu. Nimeshushwa sina adui. Kabla ya safari hiyo nilikuwa nikilala baada ya kutunga matusi matatu ya kumwambia Desmazières siku moja. Sasa sina cha kutunga, nakesha. Mkutano wa wenye nyumba, ambao ulikuwa ukitupeleka hadi saa ya kulala, juzi ulikwisha kabla kahawa haijapoa, na wazee wawili walirudi kwao wakiwa wamenuna kwa kukosa burudani. Bi. Lurdes, mtunza jengo letu, aliyekuwa akiishi kwa habari zetu, amelazimika kununua televisheni. Wakili wangu hanisalimii. Mbaya zaidi, Jumatatu Desmazières alikuja na ngazi na ndoo ya rangi, akaipaka dari yangu nyeupe pe. Corsica yote imezama. Nalala chali, natazama, hakuna kitu.

6. Kuhusu wake zetu. Nimegundua kwamba Mauricette na Ghislaine wamekuwa wakinywa kahawa pamoja kila Jumatano, kwenye mkahawa wa kona, muda wote wa vita. Tiketi nne zilinunuliwa siku moja, dirisha moja, kwa ombi la "meza moja, tafadhali, wasijue". Karani wenu aliona majina mawili ya Kifaransa tupu yakitaka kukaa kama Mfini na Mnorwei, na badala ya kuita polisi akasema, "Hakuna shida, mama." Nilipomuuliza Mauricette kwa nini alinitenda hivyo, aliendelea kumenya viazi. "Nilichoka kumsalimia rafiki yangu kwa macho kwenye ngazi," akasema. "Halafu wewe, ulishaanza kufanana na lile doa." Kikulacho ki nguoni mwako, nami huyo wangu ndiye aliyezifua nguo zenyewe.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba mnifanyie mojawapo ya haya. Mnirudishie Desmazières katika hali yake ya awali, yaani mkorofi, mwenye viatu vizito na asiyetabasamu. Likishindikana hilo, mnipatie adui mwingine wa daraja lilelile kutoka miongoni mwa wafanyakazi wenu. Napendekeza Fulgence, kwa kuwa umbo lake linatosha na sauti inapenya dari. Nyumba ya kumweka mtaitafuta ninyi. Likishindikana na hilo, basi muandike kwenye tiketi, kwa herufi zinazoonekana na mzee, kwamba abiria watunze wenyewe chuki zao, kampuni haitahusika zikipotea.

Nisalimie Capucine, na umwambie shangazi yangu angefurahi sana kuitwa kimada wa mfalme. Msalimie nahodha, aliyepita chini ya daraja lile polepole kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Wasalimie mabinti wote wa manyoya, hasa yule mrefu aliyeniazima leso nilipokuwa nashuka jukwaani. Leso nitaileta mwenyewe. Mpishi usimsalimie bado.

Ni mimi, mwenye masikitiko, niliyebaki bila wa kugombana naye,

Hippolyte Carradec

Nyongeza: Desmazières ameisoma barua hii kabla sijaitia stempu. Amenisahihishia makosa mawili ya herufi, na anasema mwiba ulikuwa mkubwa kuliko nilivyoueleza. Tunaomba nafasi nne za Jumamosi ijayo, meza ileile ya kioo. Safari hii tutakuwa watu wa Aislandi, na wimbo tumeshaufanyia mazoezi, una beti saba. Suala la adui wa badala usihangaike nalo. Kuna kijana amehamia ghorofa ya sita, anapuliza tarumbeta alfajiri, na mimi na Desmazières tumeamua kumchukia kwa pamoja.