Mistari Sita, Pampu Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Nimechoka na Shemeji. Miaka mitatu tangu nimwoe dada yake, na bado duka zima la pampu za maji linamtegemea yeye. Pampu tunazinunua kwa dola, tunaziuza kwa fedha yetu. Basi kila asubuhi Shemeji anapigia simu maduka matatu ya kubadilisha fedha, anakunja uso kama daktari wa upasuaji, kisha anatangaza bei ya leo. Baba mkwe anatikisa kichwa kukubali. Mimi nabeba maboksi. Nimesomea kompyuta miezi minane, na nabeba maboksi.

Leo dawa yake nimeipata. Kuna maktaba ndogo mtandaoni, kipande cha programu ambacho mtu fulani mwema amekiandika na kukitoa bure. Unaipa herufi tatu za fedha ya huko, herufi tatu za fedha ya huku, nayo inakuletea bei ya kubadilishia ya siku hiyo. Nimeandika mistari sita tu. Maelezo ya matumizi ni kurasa nne. Nimesoma kichwa cha habari.

Nimemwambia Baba mkwe kwamba siku hizi natumia maktaba. Amefurahi sana. Amesema mtu anayeazima vitabu hapotei, ila nivirudishe kwa wakati.

Jumanne, 5 Machi

Niliwahi dukani kabla ya Shemeji. Kufumba na kufumbua, namba hiyo! Nikachapa vibandiko vya bei, nikabandika pampu moja baada ya nyingine. Shemeji alipoingia na daftari lake, kazi ilikuwa imekwisha. Akasema bei imeshuka mno, hajapata kusikia jambo kama hilo. Nikamjibu kwa upole kwamba dunia inakwenda, yeye kaketi. Baba mkwe akaniuliza kama nina hakika. Nikasema kompyuta haina wivu. Akaniachia.

Wateja wameingia kama siafu. Wanasoma bei, wanasoma tena, wanatoka mbio kutafuta fedha. Fundi Visima, anayechimba visima vya watu na kutununulia tangu duka lifunguliwe, ameagiza pampu kumi na mbili kwa mpigo. Nimemwandikia bei kwenye karatasi na kutia sahihi, ile yenye mkia mrefu. Kesho duka halifunguliwi, tunahesabu mali. Wote watakuja Alhamisi.

Shemeji hajala mchana. Mimi nimekula mara mbili.

Jumatano, 6 Machi

Ole wangu.

Tulikuwa tunahesabu mali. Shemeji akanipa ankara ya kiwanda nimsomee. Nikasoma herufi tatu za fedha, nikakohoa, nikazisoma tena kimoyomoyo. Herufi ya kwanza si ile niliyoiandika mimi. Kumbe dola ziko nyingi, kama akina mjomba, na si wote wenye uwezo sawa. Mimi nimechukua dola ya nchi nyingine, nyembamba, ambayo haifiki hata theluthi mbili ya ile tunayolipia.

Nimepiga hesabu chooni. Kila pampu tunauza chini ya bei tuliyonunulia. Pampu kumi na mbili za Fundi zitameza faida ya nusu mwaka. Mshahara wa mke wangu unatoka humohumo. Wangu pia.

Nimefikiria kusema vibandiko alibandika Shemeji. Lakini karatasi ya Fundi ina ule mkia. Nimefikiria kuugua. Nimemwambia mke wangu tumbo linanisokota. Amenipa dawa ya minyoo na kusimama hapo hapo mpaka nikaimeza.

Alhamisi, 7 Machi

Fundi Visima alifika saa mbili asubuhi na gari la mizigo. Hakuniuliza mimi. Aliomba kuonana na Baba mkwe. Nikajibanza nyuma ya maboksi.

Akaiweka karatasi yangu mezani, akainyoosha kwa kiganja.

“Mzee, bei hii imekosewa,” alisema. “Nikichukua hivi, mwakani duka hili halipo. Pampu ikianza kuvuja, mpira wa kuziba nitanunua kwa nani?”

Baba mkwe akaniita. Nilikuwa nimeandaa maelezo marefu ya kumtupia lawama yule mtu mwema wa mtandaoni. Mdomo ukanisaliti.

“Nimekosea herufi moja, Baba.”

Akataka kuonyeshwa. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema mwaka wake wa kwanza aliuza mabomba mwezi mzima kwa futi ya kupimia iliyokatika ncha, na hakuna aliyemwambia. Nusura nimkumbatie Fundi. Nilimkumbatia.

Shemeji hakunicheka. Alitaja bei halisi, Fundi akakubali kuchukua nane. Kisha Shemeji akanisaidia kubandua vibandiko, vilivyong’ang’ania kama kupe, huku akinong’ona kwamba zile simu za asubuhi anazichukia, wale watu humkatia katikati ya sentensi. Nikirekebisha herufi, kazi yote niichukue.

Miaka mitatu nimepigania kitu ambacho mwenyewe alikuwa anatafuta wa kumtupia!

Ijumaa, 8 Machi

Nimelala kama mtoto mchanga. Herufi imerekebishwa. Namba ya programu imelingana na daftari la Shemeji mpaka senti. Wateja waliorudi wameelezwa, wamenung’unika, wawili wamenunua. Baba mkwe ana sharti moja tu: bei isitoke kabla ya watu wawili kuisoma. Sharti la busara. Nimeliafiki kwa moyo wangu wote.

Jumamosi, 9 Machi

Nimegundua maktaba nyingine, bora zaidi. Hii inabashiri bei za mwezi ujao! Inasema dola itaporomoka vibaya. Nimempigia Fundi Visima papo hapo, nimemwahidi zile pampu nne zilizobaki kwa bei ya mwezi ujao, azichukue leo.

Akauliza kama Baba mkwe yuko karibu.

Nikamwambia ametoka.