Kwanza Ukwangue

Jumatatu, 3 Machi

Nimependa! Tena si kidogo. Fundi Cherehani amekodi chumba cha jirani na kile anachoshonea, apanue kazi, na kukipaka rangi amenipa mimi. Anataka samawati, ile ya mbingu ya asubuhi. Atafungua Jumamosi. Nikajikaza kiume, nikamwambia nataka kumuoa. Hakukasirika! Alicheka, akakata uzi kwa meno, akasema kwanza nimpakie kuta zake vizuri, halafu tutazungumza. Tutazungumza! Nimerudi nyumbani miguu haikanyagi chini. Nimejilaza, natazama dari. Watoto wetu nishawaona, wote wamevaa samawati.

Kuna jambo moja dogo. Kuta zina chokaa ya zamani, amesema, kwa hiyo kwanza nikwangue. Kwanza! Lugha yetu ina maneno mengi mno ya kumchelewesha mtu. Kwanza, kabla, lazima, sharti, hapana budi. Nani aliyatunga? Bila shaka mtu asiyekuwa na mchumba.

Jumanne, 4 Machi

Nimeanza kazi. Nimekwangua sehemu ya ukubwa wa kiganja. Lo, vumbi! Na mkono unauma. Hapo akapita Polepole, mpaka rangi mwenzangu, mtu ambaye ukimwomba akupakie mlango huanza kwa kuuogesha. Akachungulia, akagonga ukuta kwa kidole, akasema rangi haishiki juu ya chokaa. Sharti chokaa itoke yote, kisha ipakwe rangi ya msingi, kisha isubiriwe ikauke. Nikamwambia sikuomba hotuba. Akasema mwenye pupa hadiriki kula tamu. Wivu tu huo! Namjua, naye huwa anampelekea Fundi suruali ambazo hazijachanika.

Nikafunga mlango, nikawaza. Nimepata! Fundi yuko chumba cha pili, hanioni, ananisikia tu. Basi asikie. Nimejilaza juu ya magunia, nimeweka ubao tumboni, nausugua kwa msasa. Kwaru, kwaru. Mkono mmoja unafanya kazi, mwingine uko chini ya kichwa.

Jumatano, 5 Machi

Kwaru kwaru kutwa nzima. Usingizi wa kazini ni mtamu, jamani! Nimeota tunaishi ndani ya chumba kile. Hakina paa. Mawingu yanaingia na kutoka kama wanavyopita wageni, moja likatua juu ya cherehani, Fundi akalishona pindo bila hata kushangaa.

Hodi! Nimekurupuka, nikajimwagia vumbi la chokaa kichwani, nikafungua. Fundi kaniletea chai. Akanipa pole, akasema anasikia ninavyoteseka, akanifuta uso kwa kipande cha kitambaa. Tangu mama yangu, hakuna aliyewahi kunifuta uso. Nusura niseme ukweli. Lakini chai ingepoa.

Badala yake nikamwomba anipime suti. Akauliza ya shughuli gani. Nikasema ataijua. Akanizungushia futi kifuani, nami nikasahau kupumua.

Jioni Dada, ambaye ndiye ninayeishi kwake, kauliza kama nimeshamwona mjomba wa Fundi, maana ndiye aliyemlea. Hapana budi mjomba aonwe kabla, kasema. Nikamjibu mjomba tutamwona kwenye picha za harusi. Kaguna tu, akaendelea kuosha vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Rangi imekwisha! Nimepaka mara moja, nzito kama uji. Ya msingi sikuigusa. Na ilivyopendeza! Nilisimama humo nikahisi naelea.

Fundi kaingia, akasimama katikati ya chumba. Macho yakamjaa machozi. Kisha akasema tangu utotoni ameshonea chini ya ngazi za watu, mahali pasipo dirisha, na kila siku alijiahidi kwamba ipo siku atakaa kwenye chumba chenye rangi hii. Kila alichonacho kakitia humu. Kesho wageni wakiondoka, nibaki tuzungumze.

Alipotoka niliuegemea ukuta nikausihi. Shika, bwana wee. Shika mpaka Jumapili tu.

Jumamosi, 8 Machi

Maskini mimi! Wateja walijaa, mjomba akapewa kiti cha mbele karibu na ukuta. Cherehani zote zikaanza kwa pamoja, sakafu ikatetemeka. Nikasikia sauti ndogo, kama mtu anafungua kifurushi. Rangi ilikuwa inabanduka kutoka juu, taratibu, pana, kama utandu wa maziwa. Ilipendeza hata hivyo, Mungu anisamehe. Kipande kizima cha mbingu kikaja chini, kikamfunika mjomba. Mjomba, humo ndani, akauliza ni nani kazima taa.

Basi mjomba nimemwona. Yeye ndiye hakuniona.

Fundi akaokota kipande, akakigeuza. Nyuma, chokaa tupu. Akaniuliza siku zote zile nilikuwa nakwangua nini. Akaenda kwenye magunia yangu, akaukuta ubao, akaupapasa. Ulikuwa laini, unang'aa. Akasema kwa sauti ya chini kwamba aliacha nguo ya mteja mezani ili anichemshie chai. Hayo tu. Afadhali angenitukana mbele ya watu wote! Polepole alikuwa ameshavua koti, anampangusa mjomba. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, na kifua kinaniuma palepale futi ilipopita.

Jumapili, 9 Machi

Nimelia. Kidogo. Mto umekauka sasa.

Dada karudi kutoka kwa Fundi. Suti yangu ilikuwa imeshakatwa, kasema, na Fundi hakuitupa. Hakuitupa! Ila ana sharti. Nikwangue kuta zote nne, kwa mkono wangu mwenyewe. Polepole alijitolea kusaidia, Fundi kamkatalia. Yeye ataweka kiti katikati ya chumba, ashone kwa mkono huku akinitazama. Nikimaliza, ndipo tutazungumza.

Dada kanishika bega, akasema mdogo wangu, bahati kama hii mtu haletewi mara mbili, usiichezee. Nimemwapia. Na nimeapa kwa dhati, maana nampenda yule mwanamke mpaka njaa siisikii. Nimebadilika. Mtu mpya kabisa. Nimejilaza, natazama dari, nawaona tena watoto.

Nikamuuliza Dada kiti chenyewe kinazunguka? Kasema hakizunguki, ni cha mbao.

Basi! Ukuta wa nyuma yake umepona. Nina ubao mwingine uvunguni.