Hotuba Isizidi Ubaridi wa Soda

Anaolewa! Shemeji, fundi friji wangu anaolewa! Wakwe wamekubali, ukumbi umeshikwa, siku imetajwa, na kama unasoma haya umesimama, vuta kiti ukae.

Sasa salamu.

Kwako Shemeji, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, baba mkubwa wa bibi harusi na msemaji wa ukoo huu kwa kujiteua,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MDOMO WAKO NA SODA ZA WATU

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa mwili. Kuhusu sauti siulizi, hiyo haijawahi kuugua. Sisi hatujambo, tunameremeta.

Kabla sijalalamika, nisikilize kwanza nimsifu mtoto, maana ni haki yangu. Yule binti ambaye wewe mwenyewe ulisema, tena mbele ya chakula changu, kwamba msichana anayenuka gesi na mafuta ya mashine ataolewa na kompresa, anaolewa na mtu! Tena mwoka mikate, kijana mrefu, ana duka lake. Alimletea friji ambalo mlango haufungi vizuri. Mtoto akabana karatasi kwenye mpira wa mlango, akaivuta, ikatoka kama imepakwa mafuta. Akamwambia, "Kaka, friji lako halina ugonjwa. Mpira umechoka, unapoza mtaa mzima bure." Akambadilishia. Wiki iliyofuata kijana akarudi na friji lilelile, halina kasoro. Wiki nyingine tena, kalibeba kwa mkokoteni, jasho linamtiririka. Shemeji, shule yangu iliishia pale madaftari yalipoishia, lakini mtu akimpelekea fundi friji zima mara mbili, hata mimi najua kinachoumwa si friji.

Basi mmoja kazi yake moto, mwingine kazi yake baridi. Watajua wenyewe watakavyogawana shuka.

Sasa malalamiko. Nayapanga kwa namba ili usiseme hukuyaona.

1. Kwenye harusi ya dada yake, soda zilitoka kwenye barafu zikiwa na baridi ya kuuma vidole. Wahudumu wakazifungua zote, wakazipanga mezani, chupa zinatoka jasho, makopo yanatoka jasho, ukumbi mzima unameza mate. Hapo ndipo ulipoinuka ukashika kipaza sauti. Ukaanza na babu wa babu yako. Ulipofika kwa babu yako, jasho la chupa lilikuwa limekauka. Ulipofika kwa baba yako, jasho lile lilikuwa limehamia kwa wageni.

2. Ulijua vizuri kabisa kwamba mtu mwenye adabu hanywi mkubwa akiwa anazungumza. Ile adabu ya watu uliigeuza kamba ukawafungia kwenye viti. Mama mmoja, mgeni wa watu, alinyoosha mkono kuelekea kopo lake, ukakatiza maneno yako, ukamwambia kwa kipaza sauti, "Mama, hiyo soda haina miguu, itakungoja." Watu wakacheka. Soda ilingoja, ni kweli. Ubaridi haukungoja.

3. Ulipokaa, watu wakanywa. Mimi mama mzaa chema nilikuwa meza ya mbele nikiwatazama midomo. Shemeji, umewahi kuona mtu amevaa suti akimeza soda ya moto kwa heshima? Anameza, anafumba jicho moja, anakutazama, anatabasamu, anaiweka chini taratibu kama anaweka yai. Nusu ya chupa zilirudi jikoni zimejaa. Wahudumu walinywa mpaka wakachoka, nao ni watu wasiochagua.

4. Tangu siku hiyo sina jina. Mimi niliyezaa wasichana wawili wa kupigiwa mfano, mtaa unaniita Mama Soda ya Moto. Nikiingia dukani kununua soda ya mgeni, muuza duka ananiuliza mbele ya wateja, "Mama, nikupe ya baridi au ya kwenu?" Ya kwetu! Nyumba yangu imekuwa aina ya soda. Na wewe uliyeisababisha uko mbali huko, unaitwa Mheshimiwa.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo lisome ukiwa umenyamaza. Safari ile bibi harusi alikuwa mshonaji, watu wakasema ni bahati mbaya. Safari hii bibi harusi ni fundi friji! Mlangoni kwake ameandika kwa rangi ya bluu, herufi kubwa, FUNDI WA BARIDI. Nani atampelekea friji fundi wa baridi ambaye harusini kwake watu walikunywa soda kama dawa ya kikohozi? Na yule fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara, ambaye kutwa amekaa juu ya friza la mtu akinyoa ndevu, ameomba kadi mwenyewe. Hatujamwalika, kaomba. Amesema anakuja na wenzake "kuonja soda". Shemeji, chakula kinaonjwa. Mtu anayekuja kuonja soda ana nia mbaya. Mtoto anamcheka tu, anasema mwacheni aje. Mimi sicheki. Karakana ile ndiyo mkono wake wa kulia, nayo inasimama au inaanguka siku hiyo, kwa urefu wa ulimi wako.

Kwa sababu hizo, na kwa heshima zote unazostahili pamoja na zile ulizojiongezea, naomba yafuatayo yatekelezwe.

Utakaposimama kuzungumza utapewa chupa ya soda iliyofunguliwa, uishike kwa mkono mtupu kuanzia neno la kwanza. Ikiwa ya baridi, sema. Ikipata moto, kaa. Hotuba isizidi ubaridi wa soda. Na usiniletee ujanja wa kuishika kwa leso, au kuinywa yote ukabaki na chupa tupu ukidai haina joto wala baridi. Nakujua tangu nilipoingia ukoo huu.

Kama unaona chupa moja ni kidogo, basi marehemu wa ukoo uwasalimie kwa pamoja, kwa ujumla wao, kama mtu anavyosalimia watu aliowakuta kibarazani. Wamelala, hawatakasirika. Walio hai na koo zimekauka ndio watakaokasirika.

Kama hilo nalo gumu, nimepata njia nyingine, na nimeihangaikia kwa miguu yangu. Mwenye bucha jirani na ukumbi ana chumba cha baridi. Nimemwomba, amekubali. Utahutubia humo ndani, waya wa kipaza sauti ukipitishwa chini ya mlango, na soda zote za harusi zikiwa nawe humo humo. Hivyo hazitapata moto hata ukianza na Adamu. Wasikilizaji wako watakuwa nyama zilizoning'inia, ambazo zina subira, hazina kiu, na hazijawahi kumkatiza mtu. Ukisikia meno yako yanagongana, hiyo ndiyo dalili ya kwamba umefika kwenye hitimisho. Koti la kukuazima lipo, lakini sitaki ulijue mapema.

Na kama chumba cha bucha hukitaki, njia iliyobaki ni moja. Anza hotuba leo. Ukimaliza tu barua hii, simama hapo sebuleni, mhutubie mkeo, endelea naye mezani, endelea kesho, endelea na jirani ukutani, uitoe yote mpaka tone la mwisho. Siku ya harusi uje umenyamaza kama pazia, upungie watu mkono, ukae. Tutawaambia wakwe umeapa.

6. Nilikuwa nimesahau, au hii ni ya saba? Vyovyote. Ile hadithi ya soksi usiiguse.

Nasema tena, usiiguse. Wakwe zetu ni watu wa aproni nyeupe na mikono iliyooshwa. Hawana haja ya kujua kwamba mume wangu, mdogo wako, akitoka kibaruani juani alikuwa ananunua soda moja ya watoto wake wawili, na kwa kuwa nyumbani ni mbali, alikuwa anavua soksi yake, anailowesha bombani, anaivisha chupa, anatembea ameiinua upande wa upepo ili ifike ina ubaridi. Soksi, Shemeji! Iliyoshinda kiatuni kutwa, kwenye mguu wa mtu aliyebeba saruji! Mguu mmoja una kiatu hauna soksi, chupa ina soksi haina kiatu, na njia nzima watu wanamtazama. Ndiyo sifa ya kuwasimulia wenye duka la mikate? Na mara ile ulivyoisimulia! Bomba peke yake ulilieleza mpaka nikadhani unaliuza. Hapo kwenye soksi ndipo soda zilipokata roho kabisa, nilizitazama kwa macho yangu, hakuna mkono hata mmoja uliokuwa mezani.

Haya ndiyo malalamiko yangu. Nimeyaandika bila hasira, ingawa kalamu imetoboa karatasi mahali pawili.

Nisalimie mkeo, ambaye masikio yake namwombea. Wasalimie watoto na wajukuu, waambie shemeji wa mikate anakuja ukooni, hawatanunua tena mkate wa jana. Msalimie jirani yenu wa ukuta wa pili, naye tunampa pole mapema kwa wiki zijazo. Wasalimie wote walionisahau, uwaambie sikuwasahau na ndiyo maana hawajapata kadi bado.

Wako katika joto na baridi,
Shemeji yako,
Mama Fundi (si lile jina lingine)

Nyongeza: Nilikwisha kulamba bahasha, mtoto akaingia kutoka karakana, akaifungua kwa bisibisi bila kuniuliza, akaisoma kwa sauti. Kwenye habari za bucha alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia, "Mama, wewe soda ya baridi mbona huigusi, jino bovu linakupeleka mbio? Unagombania nini?" Nikamjibu nagombania jina. Akasema jina litapona.

Alipofika kwenye soksi akaacha kucheka. Akaisoma tena, safari hii kimya. Akaniambia yeye alikuwa mdogo mno, sura ya baba yake inamtoroka kila akiitafuta, lakini ule ubaridi wa chupa mdomoni, wenye harufu ya kitambaa kilicholowa, anao mpaka leo. Watu wakimuuliza nani alimfundisha kazi ya baridi huwataja walimu wa chuo, kwa sababu hadithi ya kweli aliisikia mara ile moja tu, haijui yote. Baba hakuwahi kumsimulia, mimi huionea aibu, na anayeijua yote umebaki wewe. Halafu akasema, "Mama, siku ile watu hawakuacha soda kwa adabu. Walikuwa wanasikiliza. Hata wahudumu walisimama na trei mkononi. Na wewe ulikuwa unalia kwenye mtandio, nilikuona."

Kuna maneno ambayo mama akiyasikia hulazimika kwenda jikoni kutazama sufuria.

Nilivyorudi nikamkuta amemwaga mfuko mezani. Soksi! Mpya, za pamba, nyeupe tupu, za wakubwa kwa chupa, za watoto kwa makopo. Kila soda ya harusi itaingia ukumbini imevaa soksi iliyolowa, na bwana harusi ameahidi feni za duka la mikate zipigie meza zote. Nilisema huo ni wazimu. Akailowesha moja, akaivisha chupa, akaiweka dirishani penye upepo, akaniambia, "Kaa hapo umseme Baba Mkubwa mpaka uchoke, halafu ushike." Nilikusema vizuri sana, Shemeji, mpaka pumzi ikanikatika. Nikashika. Ilikuwa ya baridi, kama zile alizokuwa anakuja nazo yule bwana.

Kwa hiyo futa yote, kuanzia namba moja mpaka pale nilipopotea hesabu. Bucha nimekwishamwambia abaki na nyama zake. Uje na mdomo wako wote. Anza na babu wa babu kama ulivyozoea, ila ukifika bombani, nenda polepole, usiruke kitu, mtoto anataka kujua hata maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu gani. Fundi wa ng'ambo akae mbele aonje. Mimi niwekewe ya moto, ya kwetu.

Ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, saa nane mchana, jua likiwa kali na upepo ukivuma. Mje wote.