Nilikwenda Rumonge Kutazama Milango

Leo nimeaibika, jamani. Nimeaibika mbele ya mtaa mzima wa Rumonge, na afadhali mlisikie kwangu kabla hamjalisikia sokoni.

Nilipowaacha asubuhi mkipakia mawese chomboni, niliwaaga nikasema nakwenda kutembea. Tangu nikiwa mdogo kwetu Ujiji nimesikia sifa za ufuko wa zamani wa hapa, majumba yaliyojengwa na wafanyabiashara wa pwani, na milango yao ya nakshi. Nikasema siondoki bila kuiona. Nikavaa kikoi, na juu yake lile koti langu jeupe, refu, la mifuko mingi. (Nililishona mwenyewe kwa kuiga koti la mganga mmoja wa Kidachi, Mjerumani wa serikali. Fundi wa nguo lazima ajitangaze.)

Nikaingia mtaa wa ufukweni. Mama mmoja alikuwa anaanika ndagala, dagaa wa ziwa hili, nikamwamkia, "Amahoro." Aliziacha ndagala zake akaondoka, kwanza kwa kutembea, halafu mbio. Mbele yangu mlango ukafungwa, kisha mwingine. Nikapita jiko la uani, chungu kinachemka na hakina mtu. Nilidhani wananipisha kwa heshima. (Ndiyo, nilidhani hivyo. Hata mwendo nikaubadilisha.)

Nikafika nyumba kubwa ya mwisho, ukuta wake umebomoka upande mmoja. Mlango ulistahili safari. Nikapitisha vidole kwenye nakshi, nikainama nichungulie komeo, na mara ukafunguka. Akatokea mwanamke wa makamo, amejifunga leso kichwani. Hakuuliza nimetoka wapi. Alipiga magoti, akainua kidevu, akanipa shingo yake niipapase.

Hapo ndipo nikaelewa. Mnawajua waganga wa serikali, wanavyopita wakipapasa watu shingo kutafuta uvimbe wa malale, ule ugonjwa wa usingizi, na anayekutwa nao huchukuliwa kambini.

"Mimi niko muzima, bwana muganga," alisema. "Humu ndani hamuna mugonjwa."

"Mama, mimi si mganga. Ni fundi wa nguo. Nimekuja kutazama mlango."

Akanikazia macho. "Mulango?"

(Sijawahi kutoa jibu la kijinga kuliko hilo.)

Nikaanza kumweleza habari za nakshi, naye bado yuko magotini. Nyuma yake mlango wa uani ulikuwa wazi na ziwa linaonekana. Nikaona mtumbwi unakwenda zake, hauna mpiga kasia, na mguu wa mtu umening'inia ukingoni. Naye akageuka akauona. Hakupiga kelele. Angepiga kelele angekuwa amenionyesha mtu wake. Alibaki pale pale, leso ameivuta hadi mdomoni, anautazama upepo ukiusukuma mtumbwi.

Nikakimbia. Nilipita katikati ya nyumba yake na viatu vyangu, nikajitosa. Ziwa hili mnalijua, hatua chache tu na chini hukanyagi kitu. Koti likajaa maji kila mfuko. Nikaudaka mtumbwi, na ndipo nikakumbuka kwamba sijui kuogelea. Nikamlilia mama yangu kwa jina. Shemeji zake yule mwanamke, waliokuwa wamejificha kwenye matete, wakaja wakatuvuta, mtumbwi kwa kamba, mimi kwa kola. Koti likachanika. Kikoi kikabaki ziwani.

Kumbe shemeji hao walipoliona koti langu kwa mbali walimbeba mume wa yule mwanamke, mgonjwa wa malale, wakamlaza mtumbwini wamfiche, na kwa haraka hiyo hakuna aliyeufunga.

Watu walikuwa wamesharudi. Nilisimama mbele ya akina mama wa mtaa ule nikiwa na mkono mmoja wa koti na viatu. Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningewashukuru.

Mume alikuwa bado amelala. Maji yalikuwa yameingia mtumbwini yakamlowesha hadi masikioni, nduguze wakamwita, wakamtikisa, hakufumbua jicho. Mkewe akamfuta uso taratibu, kama anayefuta sahani. Kisha akavua leso kichwani, akanirushia nijisitiri. Akanieleza kwamba kaka wa mumewe alichukuliwa na waganga kambini, akarudi kipofu kwa dawa zao.

"Wewe haukuona mutu hapa," alisema.

Nikamwambia sikuona. Nilitaka kusema na jingine, la kumwomba radhi, lakini mtu aliyejifunga leso ya kuazima kiunoni hana maneno mengi. Nikaondoka kwa njia ya nyuma.

Sasa mmeshajua. Kesho asubuhi tutapita bomani, na askari watauliza fundi huyu kapatwa na nini. Waambieni nililewa nikaangukia ziwani. Na mcheke, tafadhali, mcheke kwa nguvu, wasipate nafasi ya kuuliza la pili.